Alhamisi, Chapati za Maji

Jozi tatu za viatu zinachuruzika mlangoni,
na glavu moja, sijui ya nani,
inatoa mvuke juu ya bomba la joto.
Sebuleni Tuva amegeuza kochi langu hospitali ya sungura.
Melker ndiye daktari.
Folke ndiye sungura, na hataki kupona.

Saa sita kasorobo. Huku Umeå, mwezi wa pili,
jua hupita chini chini juu ya misonobari
kama mtu aliyechelewa kanisani.
Nami mbele ya jiko nahesabu:
mayai manne, unga vikombe viwili,
maziwa ya shayiri kwa ajili ya Folke
(mama yake ameniandikia mara tatu:
ya ng'ombe hapana, hata tone).
Leo Alhamisi. Alhamisi ni supu ya njegere za manjano,
kisha chapati za maji na jemu.
Ndivyo alivyopika bibi, ndivyo wapikavyo jeshini.
Nani alianza? Hakuna anayeuliza.

Melker anachungulia jikoni,
koti lake la udaktari ni shati la mume wangu.
"Mnakaribia kula?"
"Tunakaribia."
"Haya," asema, wala hana kinyongo,
"mimi na Folke tutangoja chumbani."

Mwiko ukaganda hewani.

Mwaka wa themanini na tisa, kwa akina Pernilla, ghorofa ya pili.
Mama yake alifungua mlango kwa upole,
kwa upole kabisa, nisimsingizie,
akasema: Pernilla, chakula.
Wewe Ylva, endelea tu kucheza.
Ndiyo desturi ilivyokuwa. Usimshibishe mtoto wa watu,
kwao kuna sufuria inamsubiri;
usimbebeshe mama yake deni.
Nikabaki na farasi wa plastiki kumi na mmoja.
Nikawapanga kwa rangi.
Nikawapanga kwa urefu.
Ng'ambo ya ukuta uma ziligonga sahani, kiti kikavutwa,
mtu akacheka,
na harufu ya siagi ikapita chini ya mlango
bila kupiga hodi.
Sikulia. Hata njaa sikuwa nayo, nadhani.
Ila idadi ya wale farasi sijaisahau.

"Melker," nasema, "leo hangoji mtu chumbani.
Nawa mikono. Na mgonjwa wako mlete."

Folke anaitazama supu kama anayechungulia kisima.
"Njegere hizi zilikuwa na ngozi?"
"Zilikuwa nazo. Zimebambuka zenyewe, usiku, majini."
"Ziliumia?"
"Zilikuwa zimelala," Tuva amjibu, mdomo umejaa.
Anakula vijiko viwili. Cha tatu anampa sungura,
yaani anakila yeye mwenyewe, masikio juu.
Melker anatia haradali, kijiko kizima, kama baba yake.
Machozi yanamlengalenga.
"Tamu," asema, na hatanii.

Chapati ya kwanza inakatika, ndiyo kawaida yake;
naila mimi, wima, juu ya sinki.
Ya pili inagombaniwa. Ya tano ina jemu hadi kwenye pazia.
Mikono sita, kikaango kimoja,
nami nageuza, nageuza, nywele zanuka mafuta,
nafoka: kaeni! vitako kwenye viti!
na ndani ya kufoka huko
kuna kitu kinalegea ambacho sikujua kimekaza.
Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Naam. Lakini nani atafuta hili pazia?

Saa tisa giza linaanza, mama yake Melker yuko mlangoni,
theluji mabegani.
"Amekula?"
"Saba."
"Saba!" Anajishika shavu. "Nami nimeacha samaki anayeyuka barafu."
Tunatazamana. Deni hilo hapo katikati yetu,
juu ya mkeka wa viatu, limelowa kama vitu vingine vyote.
"Basi Alhamisi ijayo," asema taratibu,
kama anayejaribu kiatu cha mwingine, "waje kwetu."
Kisha, haraka: "Wale."

Wameondoka. Glavu bado ipo.
Si ya Folke, si ya Melker,
na Tuva anaapa si yake.